Pindo la Tatu

Verlon Tidwell alikuwa amechoka kusikiliza. Siku ya nne sasa anaingia dukani kwa shemeji yake na swali moja tu, bunduki ya risasi ya namba gani anunue, na siku ya nne anatoka na majibu saba, yote yanagombana.

"Mia mbili sabini," alisema Dub, ameegemea kaunta katikati ya magunia ya chakula cha kuku. "Kulungu akila mia mbili sabini, anakufa kabla hajajua."

"Na nguruwe pori?"

"Aa, nguruwe! Nguruwe ni habari nyingine, shemeji. Ana gamba begani kama tairi la trekta. Hapo unataka mia tatu na nane."

"Jana umeniambia mia tatu na nane inapiga bega."

"Inapiga, ndiyo. Kwani wewe bega lako la kioo?"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua waya wa uzio wakacheka. Mmoja akadakia kwamba siku hizi vijana wote wanatumia sita na nusu. Mwenzake akamwambia sita na nusu ni ya watu wanaowinda kwenye simu. Basi ikawa kelele tupu, huyu risasi nzito, yule risasi ya mbio, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye shida alikuwa amesimama pale pale, kapelo mkononi, anasubiri jibu la mtu mzima.

"Mimi nauliza moja tu," Verlon akasema. "Bunduki moja. Kulungu na nguruwe. Jumamosi msimu unafunguliwa!"

"Si unayo ya marehemu mzee?" Dub akauliza kwa upole wa kinafiki. "Thelathini sifuri sita. Imeua kila kitu bonde hili. Au macho ndiyo tatizo?" Akafungua droo, akatoa mkasi mkubwa, akaukata hewani mara mbili. Kacha, kacha. "Nimeunoa."

Verlon akatoka bila kuaga, akaubamiza mlango wa pikapu mpaka kioo kikatetemeka.

Mkasi ule aliujua. Pale kwenye kambi yao ya uwindaji, mtu akifyatua akakosa, jioni anasimamishwa mezani, anakatwa pindo la nyuma la shati lake, linaandikwa jina na mwaka, linapigiliwa msumari ukutani. Hiyo ni mizaha, kila mtu ana lake. Lakini mapindo matatu mfululizo bila kuangusha mnyama hata mmoja, hapo mizaha imekwisha. Unanyang'anywa ulingo wako wa kuvizia na unapewa sufuria. Unawapikia wenzako maharage mpaka mwingine aanguke akupokee. Kanuni hiyo aliitunga baba yake Verlon, na ulingo wa kivukoni, penye kijito, aliujenga baba huyo huyo kwa mbao za mwaloni. Verlon ameukalia miaka arobaini. Na msimu uliopita, baada ya madaktari kumpasua bega na kumtia vyuma, alikosa mara mbili. Kulungu wa kwanza hatua themanini. Wa pili hatua hamsini, amempa ubavu, anatafuna. Hatua hamsini, jamani! Hata angemtupia kiatu angempata.

Ndiyo maana aliamini ni bunduki. Ingekuwa nini kingine?

Alhamisi asubuhi nguruwe walikuwa wamelima shamba la viazi vitamu la mkewe, Nelda, toka mwanzo hadi mwisho, kazi safi kuliko ya trekta. Nelda alisimama kwenye matuta yaliyopinduliwa, mikono kiunoni, wala hakupiga kelele. Alimgeukia mumewe akasema, "Lete bunduki ya baba yako. Twende malishoni, nikuone unavyopiga."

"Nelda, nimeshakwambia, hii bunduki..."

"Lete, Verlon."

Wakaweka boksi la karatasi kwenye marobota ya majani makavu, wakarudi nyuma hatua sitini. Nelda akawa anaijaza yeye, risasi moja moja, eti bega lisichoke. Ya kwanza ikachimba udongo kulia. Ya pili ikapita juu, hata majani haikugusa. Kila mlio Verlon aliuma meno, maana kitako kilikuwa kikimpiga pale pale penye vyuma.

"Unaona?" akafoka. "Mtutu umekwisha. Na wale wapumbavu dukani wanapiga domo tu!"

"Ya mwisho," Nelda akasema, akampa.

Verlon akalenga, akavuta pumzi, akabana kidole. Macho yakajifumba, bega likaruka nyuma, mtutu ukazama kuelekea chini. Kisha ikasikika tiki. Basi. Hakuna mlio, hakuna moshi. Bunduki imekaa kimya, na mwanamume wa miaka sitini na mitatu ameruka kama aliyekanyaga nyoka.

Akafungua bunduki. Ganda likadondoka nyasini. Kichwa kipo, baruti hamna. Risasi ya uongo.

Nelda akatoa mfukoni kopo la zamani la tumbaku, akalitikisa. Zilikuwamo mbili nyingine.

Verlon alilijua kopo lile. Risasi zile alizitengeneza yeye mwenyewe, mwaka ambao mwanawe Russell alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtoto alikuwa amemkosa kulungu jike, amekatwa pindo, na usiku kucha alilalamika bega linauma. Kesho yake, mbele ya kambi nzima, Verlon alimpa thelathini sifuri sita ile ile, ndani ametia risasi ya uongo. Mtoto akalenga kopo, akafyatua, akaruka na bunduki iliyokufa. Wanaume walicheka wakashika magoti. Verlon alicheka kuwashinda wote. "Bunduki haiumi," alimwambia, "ni woga unaouma." Mwaka uliofuata Russell alisema ana masomo. Mwaka mwingine hakusema kitu. Sasa yuko mjini Tulsa, anatengeneza lifti. Kila Jumapili anapiga simu, anaongea na mama yake.

"Yaani umenifanyia mimi hivi?" Verlon akasema. Akaitupa kapelo chini. "Mimi, mumeo?"

"Hakuna aliyecheka, Verlon. Umesikia mtu akicheka hapa?"

Verlon akainama, akaiokota kapelo.

"Iko chini ya kitanda," Nelda akasema huku akiondoka. "Pale pale ulipoisukuma."

Verlon alizunguka nje karibu saa nzima akipiga mateke madonge ya udongo. Aliwatukana nguruwe, akamtukana Dub, akawatukana madaktari. Kisha akaingia chumbani, akapiga magoti kwa taabu, akavuta boksi refu lenye vumbi. Bunduki ndogo, mia mbili arobaini na tatu. Nelda alimnunulia Russell kwa siku yake ya kuzaliwa, na Verlon akasema ni kitu cha kupigia sungura, mwanawe hatashika kidoli. Mafuta ya kiwandani yalikuwa bado kwenye chuma. Miaka zaidi ya thelathini, na haijawahi kulia hata mara moja.

Akaenda nayo malishoni peke yake. Risasi ya kwanza aliruka. Ya tano aliruka kidogo. Alipofika ya ishirini, bega lilikuwa limetulia, na boksi la karatasi lilikuwa na tundu tatu unazoweza kuzifunika kwa kiganja. Ungedhani angefurahi. Alikaa juu ya robota, uso kwenye mikono, akasema, "Mjinga mkubwa wewe."

Jumamosi kulipopambazuka alikuwa ulingoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito. Kulungu hakutokea. Aliyetokea ni dume la nguruwe, jeusi, pana kama jokofu, likaanza kutafuna mahindi yaliyomwagwa hatua sabini mbele yake.

Angeweza kuliacha. Kukosa nguruwe ni kukosa tu, pindo ni pindo, na kidoli hiki kila mtu dukani angeapa hakiangushi nguruwe. Akisubiri kulungu laini, ulingo wa baba yake unabaki salama. Lakini akaviona viazi vya Nelda, matuta yote yamepinduliwa, na ile mikono ya mkewe kiunoni.

Kwa bunduki kubwa angelipiga begani, popote pale, nguvu ifanye kazi. Hii ndogo haina ruhusa hiyo. Ilimtaka achague mahali, na palikuwa na mahali pamoja tu, nyuma ya sikio. Akangoja. Dume likageuka kushoto. Akangoja tena. Likainua kichwa.

Macho yake yalikuwa wazi bunduki ilipolia. Aliliona likianguka papo hapo, miguu yote kwa pamoja, na halikupiga hata teke.

Kambini Dub alikuwa mlangoni na mkasi wake, ameusikia mlio mmoja. "Geuka, shemeji, usinipotezee muda! Sufuria hii hapa." Kisha akaona kilichobebwa nyuma ya pikapu. Akalizunguka dume, akaweka kidole kwenye tundu dogo nyuma ya sikio. Akaiona bunduki. "Hii si ile ya... ah, acha utani! Nguruwe huyu kwa hii?"

"Kwa hiyo."

"Basi wewe mchawi. Jamani, njooni mwone!"

Wengine wakakusanyika, wakaanza upya ubishi wa uzito wa risasi na mbio za risasi. Verlon akawapita, akaingia ndani. Ukutani, chini ya mapindo mengine, kulikuwa na kitambaa cha drafti ya buluu kilichopauka. Russell, 1991. Kidogo, maana shati lenyewe lilikuwa dogo. Akaung'oa msumari kwa kisu, akatoka nyuma ya kambi, akapiga simu.

"Mama yuko salama?" Russell akauliza hata kabla ya salamu. Baba yake hakuwahi kumpigia.

"Mama yuko salama. Nimeua nguruwe."

"Hongera."

"Kwa bunduki yako. Ile ya kwenye boksi. Haipigi bega, Russell. Haiumi hata kidogo."

Russell akasema polepole, "Nilikwambia ile nyingine inauma."

"Uliniambia."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba."

"Pindo lako ninalo hapa. Nimeling'oa. Halikustahili kuwa pale."

"Lirudishe," Russell akasema. "Yule jike nilimkosa kweli, na pindo ni haki yangu. Sikuondoka kwa sababu ya pindo."

Ndani ya kambi wanaume walicheka kitu fulani, wote kwa pamoja, na Verlon akasogea mbali nao ili kicheko kisisikike kwenye simu.

"Najua," akasema. "Nilicheka."

Alisimama na kitambaa mkononi, simu ameikandamiza sikioni, akisikiliza pumzi za mwanawe, na simu haikukatwa.