Asante ya Kanali

Mimi mwanamke, kura sina, lakini mdomo ninao. Shamba letu hapa Kentaki tulilikuta msitu. Tukafyeka wenyewe, tukang'oa visiki wenyewe, na mtoto wetu Ruth tumemzika palepale. Ndipo Kanali Ridgely akazuka, eti ardhi yote ni yake, sisi wapangaji tu. Loo!

Ulipofika uchaguzi wa gavana, mgombea Pruett aliahidi sheria: aliyefyeka msitu asifukuzwe. Mpinzani wake, Haskin, alikuwa mtu wa Kanali. Majirani waliapa barazani kwetu, huku wakila mkate wangu wa mahindi, kwamba wote watamtaja Pruett.

"Tukishikamana, hawezi kutufukuza sote," alisema jirani yetu Absalom.

Lakini kwetu kura hupigwa kwa mdomo. Unapanda ngazi za mahakama, unataja jina kwa sauti, na wakubwa wamekaa mezani wanakutazama usoni. Ukimtaja mtu wao, husimama kukushukuru mbele ya umati.

Absalom akapanda. "Pruett!" Watu wakashangilia.

Akafuata mume wangu Eleazar. Kanali akamwuliza kwa upole, "Mahindi yanaendeleaje mwaka huu?"

Eleazar akageuka kunitafuta kwa macho. Nikapiga kelele kutoka chini, "Sema, baba Ruth!"

"Haskin," akasema.

Kanali akasimama, akavua kofia, akainama. "Nakushukuru sana, bwana."

"Ametuuza!" Absalom akafoka. "Na mkate wao tumekula!" Nilitamani ardhi inimeze.

Wengine nyuma ya Eleazar nao wakaogopa, wakamtaja Haskin mmoja baada ya mwingine. Haskin akashinda. Mahindi hayajakauka, Kanali akaja na farasi wake kutuambia tuhame, shamba amempa mpwa wake.

"Lakini nilimtaja mtu wako!" Eleazar alisema.

"Na mimi nilikushukuru," Kanali akajibu. "Watu wote walisikia."

Absalom naye alifukuzwa wiki ileile. Majirani walijaa kwake kumsaidia kupakia. Eleazar akaenda, akashika upande mmoja wa kabati.

"Weka chini," Absalom akamwambia. "Kamwite Haskin akusaidie kubeba lako."

Mume wangu akaliweka chini taratibu. Tukarudi kupakia vyetu, sisi wawili, kisha tukaenda kumuaga Ruth.