Nyama ya Hakim

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, kama mlango wa chuma uliobamizwa kwa hasira. Kunguru wakapiga kelele. Nilikuwa nimesimama kwenye maegesho ya magari nyuma ya nyumba za Hässelby, kitongoji chetu huku kwa Waswidi, na ukungu ulikuwa umeficha msitu wote. Sikuhitaji kuona. Nilinyoosha mgongo, nikasema peke yangu, "Huyo ni Hakim."

Paa wamezidi upande huu. Wanakula maua ya bustani, wanakula hata ya makaburini, na asubuhi wanajitupa mbele ya magari. Ndiyo maana manispaa huita wawindaji kuja kuwapunguza. Hakim, rafiki yangu tangu utotoni, alikuwa wa kwanza kati yetu kufaulu mtihani wa uwindaji. Mama zetu wote wawili walitoka Jinja. Nilimtungia shairi, nikalisoma ukumbini siku ya Idi. Ushairi sikufundishwa na mtu. Vina na mizani nilijifunza mwenyewe kwenye treni, nikihesabu kwa vidole, na sioni haya kusema kwamba watu walisimama kushangilia:

*Hakimu wetu ni mja, mkono usotetema,*
*Jina la Mola hutaja, ndipo risasi husema.*

Wiki ile ile likasambaa kwenye simu mpaka Hallunda, upande wa pili wa jiji.

Msimu ulipoanza, Hakim akawa ananiletea nyama. Mama yangu, Jamilah, alikataa hata kuifungua.

"Mnyama huyu kafa kwa mkono wa nani? Nani kamtajia jina la Mungu?"

"Hakim, Mama. Husema bismillahi kabla ya kila risasi."

"Umemwona?"

"Wallahi, Mama. Namjua Hakim kama ninavyojijua."

Akaipika. Tulikula paa wanne, sisi na majirani. Na leo ilikuwa hitima ya baba, mwaka mmoja tangu atutoke. Sufuria ya nyama ya wiki iliyopita ilikuwa tayari jikoni, wageni walikuwa wameongezeka, nami nilikuja kuchukua nyingine.

Nikasikia hatua nyuma yangu, upande wa barabara, mbali na kule mlio ulikotoka. Nikageuka. Alikuwa Hakim, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, mkononi ana fimbo. Bunduki hakuwa nayo.

"Ashraf! Mbona umewahi hivyo?"

"Nani kapiga?"

Alitazama chini. Kabla hajajibu, kwenye ukungu akatokea Isak, mzee wa Kiswidi anayeongoza kundi lao, bunduki begani, anamburuta paa kwa miguu ya nyuma.

"Hakim! Umeniletea mpaka miguuni!" aliita kwa Kiswidi, akicheka. Kisha akaniambia mimi, "Rafiki yako ndiye mfukuza paa bora niliyewahi kumpata. Bunduki hataki hata kuishika, lakini akipiga kelele wanatoka mbio wote."

Akapita, akaenda kwenye gari lake. Tukabaki wawili.

"Wale wanne?" nikauliza.

"Isak. Na wenzake. Kila mtu hupata fungu lake."

"Wewe hujawahi kupiga?"

"Mara moja. Siku ya kwanza." Alikuwa anachora chini kwa ile fimbo. "Mkono ulinitetemeka. Nikamvunja mguu. Tulimfuata na mbwa saa mbili nzima, tukamkuta chini ya bembea kwenye bustani ya watu, hai, anatuangalia. Isak ndiye aliyemmaliza. Tangu siku hiyo sijaigusa."

"Ungeniambia!"

"Lini? Shairi lako lilikuwa limeshafika Hallunda. Mama yangu kaliweka liwe mlio wa simu yake. Kila ikiita nyumbani nasikia mkono usotetema. Ningekwambia lini, malenga?"

"Usiniite malenga. Nimemlisha mama yangu kwa jina lako."

"Bismillahi nilisema," akajibu kwa sauti ndogo. "Kila nikisikia mlio, nilisema."

"Baada ya risasi ya mtu mwingine!"

Alitoa mfuko wa nyama kwenye begi, akaninyooshea. Niliuacha mkononi mwake, nikaondoka.

Ndani ya basi niliwaka. Nilikuwa natunga shairi la kumkata Hakim vipande, na vina vilikuja vyenyewe, vikali kuliko vyote nilivyowahi kutunga. Nilipofika nyumbani niliingia jikoni na viatu, nikammwagia Mama habari yote. Nilingoja amlaani.

Mama alizima jiko. Akafunika sufuria, akafuta mikono taratibu.

"Aliyekula bila kujua, Mungu hamhesabii," alisema. "Na huyo Hakim nitazungumza na mama yake. Lakini mimi sikumuuliza Hakim. Nilikuuliza wewe. Nikasema, umemwona? Ukaniapia."

Nikaanza kujitetea kwa Kiswidi, kama ninavyofanya nikibanwa.

"Sema Kiswahili," akanikata. "Uliapa kwa Kiswahili."

Vile vina vyote vya basini vikaniponyoka.

"Wageni ni saa nane," akaendelea, akishusha mfuko wa dengu kabatini. "Nusu yao wamekula nyama ile hapa kwangu. Wakiuliza leo nyama iko wapi, mimi niwaambie nini? Niwaambie mwanangu alimwapia mama yake kitu ambacho hakukiona?"

"Hutawaambia wewe."

"Nani basi? Hakim?"

"Hakim ataeleza yake siku atakayopata ujasiri. Mimi simtaji." Nikavua viatu, nikavishika mkononi mbele yake kama mtoto aliyekosa. "Hitima ikiisha, Mama, kabla sahani hazijaja, nitasimama mbele ya watu wote. Nitawaambia niliapa bila kuona, na kwamba lile shairi walilosimama kulishangilia lilikuwa la uongo. Nitalisema kwa maneno ya kawaida, bila kina hata kimoja. Hilo nakuahidi."