Sindano Juu ya Kipimo cha Kumi na Tisa

Kabla ya kukaa mbele ya kompyuta ya mdogo wake, Pindo alijifuta mikono kwenye gauni, akavaa miwani, akavuta kiti, kisha akasonya. Ilikuwa Alhamisi jioni. Wateja walikuwa wameshaondoka, cherehani imefunikwa, na magauni ya watu yananing'inia ukutani yakisubiri vifungo. Kwa haki kabisa alipaswa kuwa amejinyoosha kitandani. Badala yake ameitwa kumsomea mtu asiyeona kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui.

"Haya dada, sema. Ukurasa wa kwanza unaonekanaje?"

"Umejaa viluwiluwi."

"Hizo ni nota. Viluwiluwi vimekaa vizuri au vimekanyagana?"

"Sasa mimi nitajuaje kiluwiluwi kilichokaa vizuri?"

Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo la gauni aliloshona yeye hulioni hata ukilitafuta kwa tochi. Mdogo wake ni fundi wa piano. Homa ilimwachia giza akiwa na miaka minne, na tangu hapo masikio yake yakachukua zamu mbili. Akipita nje ya ukumbi anaweza kukwambia ni waya gani umelegea kwenye kinanda kilichoko ndani, na hakuna siku aliyokosea. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Sikio, na yeye huitika bila kinyongo.

Tena Sikio anatunga nyimbo, na hapo ndipo palipokuwa na donda. Wimbo ulioko kichwani hauimbwi na watu thelathini. Lazima uandikwe, na mwandishi alikuwa mmoja tu, Mwalimu wa kwaya, mzee mwenye miwani juu ya paji la uso na kalamu nyuma ya sikio. Sikio anapiga kinanda, Mwalimu anaandika. Lakini Mwalimu akiandika, ananyoosha. Akikutana na mahali pasipomkalia sawa anaparekebisha palepale, bila kuuliza, kwa roho safi. Nyimbo tatu zilikuwa zimepita mikononi mwake, na zote tatu zilitoka zimenyooka. Watu wakapiga makofi, wakamsifu mtunzi. Mtunzi akasema asante, akarudi nyumbani, akakaa siku mbili hataki kuongea na mtu.

"Ni kama kumpeleka mwanao shule," alimwambia dada yake, "akarudi na sura ya mwalimu."

Ule wa nne, Sikio akaapa hatamwimbia mtu auandike. Ama ufike kwa wanakwaya kwa mkono wake mwenyewe, ama ufie kichwani. Kwa bahati akasikia habari za programu inayoandika muziki kwa maandishi matupu. Huburuti nota kwa kipanya, wala huhitaji kuona kitu. Unaandika herufi na namba, hii ni nota gani, ina urefu gani, neno gani liimbwe chini yake, kisha unaiamuru, nayo inakuchorea ukurasa mzima kama kitabu cha dukani. Na kompyuta ya Sikio ilikuwa na sauti ya kumsomea kila alichoandika, sauti ya bwana mmoja mwenye haraka utadhani anakimbizwa. Kwa miezi miwili Pindo alilala akimsikia yule bwana upande wa pili wa ukuta akitaja alama na namba, nukta, mkwaju, nane, nukta.

Basi Sikio akagawa kazi. Mambo ya kusikika angeyamaliza mwenyewe, kwa sababu programu iliweza pia kumpigia alichoandika, na nota moja ikipotea njia aliidaka mara moja. Mambo ya kuonekana yangekuwa ya dada yake.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema sasa, "ila wewe naona lazima uambiwe. Angalia maneno. Kuna neno limegusana na nota?"

Pindo akasogeza pua kwenye kioo. "Lipo. Mstari wa pili. Hili neno 'dirisha' limebanwa, kiluwiluwi kimeingiza mkia kwenye herufi ya kwanza."

"Limebanwa kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kama ingekuwa kiuno cha gauni ningelegeza nusu kidole."

Sikio akaandika, yule bwana mwenye haraka akasoma, ukurasa ukachorwa upya. Neno likapata nafasi. Pindo akashangaa mwenyewe alivyofurahi. Akaanza kutafuta makosa kwa bidii ya mkaguzi, akatoa manne: upinde uliopita juu ya namba, ubeti wa pili ulioshuka mbali mno na wa kwanza, herufi moja iliyoning'inia pembezoni, na jina la mdogo wake lililokosewa na mwenyewe mwenye jina. Walicheka mpaka Sikio akakohoa.

Kisha akafika kipimo cha kumi na tisa, kipande cha wimbo kilichofungwa na mistari miwili ya wima. Alijua ni cha kumi na tisa kwa sababu Sikio alikuwa ameitaja namba hiyo wiki nzima, akigombana na programu. Wimbo wote ulikwenda kwa mapigo manne manne, ila kipimo hicho kimoja kilikuwa na matano, na kila alipokiandika programu ililalamika kwamba hesabu haifungi. Mwishowe akajifunza namna ya kuiambia kuwa ni makusudi, inyamaze.

"Hapa kuna kitu kinafanana na ndoano iliyopinda," Pindo akasema. "Sauti zote nne zimewekewa, na hakuna neno chini."

"Hilo ni pumziko. Hapo watu wananyamaza pigo moja."

"Kwa nini?"

Sikio akapapasa meza mpaka akapata ukingo wake, akaushika.

"Mama alipokuwa anapiga pindo kwa mkono, alikuwa anaimba bila maneno. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza. Uzi ukimwishia alikuwa ananyamaza, anaukata kwa meno, kisha anaendelea palepale alipoachia. Hakuwahi kurudi nyuma hata nota moja. Wimbo huu ni ule wake, dada. Na hapo ndipo anapokata uzi."

Pindo alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Miaka ishirini alikuwa amekaa kiti kilekile, akikata uzi kwa meno yake, na hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu anayesikiliza.

"Mwalimu atalifuta hilo pumziko," akasema.

"Ndiyo hofu yangu. Ataona matano, atasema kompyuta imekosea, atachukua kalamu."

"Basi tumwekee alama ajue si kosa."

"Alama gani?"

"Sindano," Pindo akasema, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Programu haikuwa na alama ya sindano, wala Sikio hakutegemea iwe nayo. Lakini aliwahi kusoma kwamba unaweza kuipa namba, anzia hapa, vuta mstari mpaka pale, pinda hivi, nayo ikakuchorea umbo lolote. Shida ni kwamba namba hizo zinatoka kwenye mchoro, na yeye michoro hakuwahi kuiona. Pindo akacheka. Kazi yake tangu asubuhi hadi jioni ni kugeuza maumbo ya watu kuwa namba.

Ijumaa alifunga duka mapema. Akatandika karatasi ya miraba ile anayochorea vielelezo vya nguo, akachora sindano imeinama kidogo, ncha chini, tundu juu, uzi umepita tunduni na kuacha mkia mfupi. Akashika rula, akaanza kusoma. Kulia tatu, chini arobaini. Kulia mbili, chini nane. Sikio akaandika yote bila kuuliza. Walipomaliza akabonyeza, akasubiri.

Pindo akainamia kioo.

"Vipi?" akauliza Sikio.

"Ngoja kwanza."

"Dada, vipi?"

"Mistari yote ya juu imekimbia. Kuna uwanja mtupu katikati ya ukurasa, na katikati ya uwanja imesimama sindano ya kushonea magunia. Halafu imesimama kichwa chini, ncha iko juu, inalitazama jina lako."

Sikio akainamia meza kwa kicheko. Alipopata pumzi akamwambia asome tena namba polepole, na safari hii akasikiliza zaidi ya namba.

"Umeanzia wapi kupima?"

"Juu, kushuka. Fundi gani anaanza kupima gauni kwenye pindo? Unaanzia begani."

"Basi programu hii haijawahi kushona. Yenyewe inahesabu kwa kupanda. Kila uliposema chini, imekwenda juu. Na umepima kwa nini?"

"Kwa milimita, kwani watu wanapima kwa nini?"

"Yenyewe inapima kwa nafasi iliyopo kati ya mstari na mstari. Arobaini zako imezifanya nafasi arobaini."

Kwa hiyo kila namba ya kushuka ikawekewa alama ya kutoa mbele yake, na zote zikagawanywa kwa kumi. Mara ya pili sindano ilitokea ndogo, ncha chini, lakini uzi ulikuwa umejikunja ukawa tumbo. Mara ya tatu tundu likaziba. Mara ya tano Pindo aliishika karatasi yake kando ya kioo, akalinganisha.

"Imekaa," akasema. "Iko juu ya ile ndoano, ncha inaielekea. Imekaa kama niliyoichora."

Sikio akamwomba karatasi yenyewe, ile ya miraba. Pindo akamshika kidole, akakipitisha juu ya mchoro, alama za penseli alizokuwa amezikandamiza mpaka zikaacha mifereji. Kidole kikashuka na sindano, kikapanda na uzi, kikarudia mara tatu.

Jumamosi alasiri walikwenda mazoezini na nakala thelathini, bado zina joto la mashine ya kutolea nakala. Ukumbi ulikuwa na madawati marefu na kinanda ambacho Sikio mwenyewe alikuwa amekitengeneza mwezi uliopita. Pindo aliketi pembeni, mbele kidogo, mahali pa kuona nyuso.

Mwalimu alipokea nakala, akashusha miwani puani, akaanza kusoma akitingisha kichwa kwa mapigo. Kichwa kikasimama. Mkono ukapanda kuitafuta kalamu nyuma ya sikio.

"Kijana wangu, kazi safi sana hii. Ila kipimo cha kumi na tisa kina mapigo matano. Kompyuta imeteleza."

"Haijateleza, Mwalimu."

"Na hiki kidude hapa juu?"

"Sindano."

Wanakwaya wakacheka. Sikio akangoja wamalize, kisha akaeleza, kwa sauti ile ile aliyomwelezea dada yake: meza, pindo, uzi, meno. Alipofika mwisho hakuna aliyekuwa anacheka. Mwalimu aliendelea kuitazama karatasi, kalamu mkononi.

"Hata katika zile tatu za mwanzo," akasema taratibu, "nilikuwa nakuta mahali hesabu imezidi au imepungua. Nilidhani unapotea. Nikasema huyu hawezi kusoma nilichoandika, ngoja nimsitiri, watu wasimcheke."

"Najua ulikuwa unanitakia mema, Mwalimu."

"Nilipaswa kuuliza."

"Ulipaswa," akasema Sikio, bila ukali.

Mwalimu akairudisha kalamu nyuma ya sikio. "Na zile tatu nazo zina mambo yake?"

"Zina. Tutazifikia."

"Uniletee zimeandikwa hivi hivi. Haya, simameni."

Kwaya ile ilikuwa na mazoea ya kuimba macho kwa Mwalimu. Hata kupumua walipumua alipoinua kidole. Mara ya kwanza walipofika kipimo cha kumi na tisa, bwana mmoja mnene wa sauti ya nne aliingia kabla ya wakati, peke yake, kwa nguvu zote, na ukumbi mzima ukamgeukia. Akainua mkono kuomba radhi. Wakarudi mwanzo.

Mara ya pili wimbo ulikwenda, ukapanda, ukafika. Sauti zote zikakatika pamoja. Pigo moja tu, lakini likamtosha Pindo kumwona mama yake ameinamisha shingo juu ya nguo. Kisha sauti thelathini zikaendelea palepale zilipoachia.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Sikio ameshika kiwiko cha dada yake. Alitembea akitabasamu na barabara. Walipofika mlangoni pa duka akasimama.

"Dada, nilisikia. Wamelipata pumziko sawasawa. Lakini niambie, pale kwenye sindano, ilionekanaje? Walikuwa wanamtazama Mwalimu?"

Pindo alifikiri kidogo, asije akatia chumvi katika jambo ambalo halikuhitaji.

"Hapana," akasema. "Mwalimu mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemtazama mtu. Wote walikuwa wanasoma ulichoandika."

Sikio akaitika kwa kichwa, akavuta pumzi, na dada yake akamwacha alie pale mlangoni kadiri alivyotaka, naye akatafuta funguo polepole.