Bunduki Iliyocheleweshwa

Ilikuwa mwezi wa kumi, asubuhi ambayo ukungu ulikataa kabisa kuondoka bonde la Bitterroot. Arvid Tveten aliegesha pikapu yake mbele ya gereji ya Orrin Haskett, akaingia bila kubisha hodi kama alivyozoea kwa miaka thelathini na minane, akavua kofia.

"Niundie bunduki," alisema.

Orrin alikuwa ameinamia jiliwa, kibanio chake cha chuma, tupa mkononi. Alifurahi mno hata akasahau kumkaribisha kiti. Tangu mazishi ya Fern, mke wa Arvid, mwezi wa tatu, rafiki yake hakuwa akitoka nyumbani ila kwenda kulisha ng'ombe. Na sasa huyu hapa, ndevu amenyoa, anataka bunduki.

Orrin hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa fundi mitambo hadi alipostaafu, na baada ya hapo raha yake ikawa kuunda bunduki za kuwindia, moja kwa mwaka, kipande baada ya kipande. Mtutu aliagiza huku, mbao ya kitako akaitafuta kule, kifyatuo akakisugua mwenyewe mpaka kikaitika kwa kidole kama mlango uliopakwa mafuta. Hakuziuza. Aliwaundia watu aliowapenda, na Arvid alikuwa amekataa kuundiwa mara tatu kwa kuwa, alivyodai yeye, Orrin alikuwa mbishi kupita kiasi.

"Ya kulungu, au ya wale wakubwa wa milimani?"

"Yoyote."

"Mtutu mrefu au mfupi?"

"Wewe chagua."

"Darubini je? Macho yako yenyewe siku hizi ni ya kuazima."

Arvid hakucheka. Alikuwa akitazama kofia yake. "Chochote ulicho nacho, Orrin. Muhimu iwe tayari upesi."

Alipoondoka, Orrin alibaki amesimama pale pale. Aliwahi kubishana na mtu huyu saa nzima juu ya kishikizo cha mkanda wa bunduki, kishikizo tu, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Leo kila kitu ni 'yoyote'. Jambo hilo lilimkaa vibaya moyoni, lakini hakujua kwa nini, akajiambia kwamba ni majonzi tu.

Alijua siku mbili baadaye, Joleen, binti ya Arvid, alipompigia simu kutoka mji wa Missoula.

"Anko Orrin, baba anakuja kwako siku hizi?"

"Alikuja juzi. Anataka nimuundie bunduki."

Orrin alisikia mlango ukifungwa upande wa pili wa simu.

"Bunduki zake zote ninazo mimi," Joleen alisema. "Kumi na moja. Nilizichukua mwezi wa saba. Nilimkuta ghalani amekaa na moja mapajani, na barua ya kuniaga ameshaiandika. Alinifanya niape nisimwambie mtu. Hata wewe. Wewe hasa."

Orrin alikaa chini juu ya ndoo.

"Mwambie hapana," Joleen alisema. "Tafadhali, Anko. Mwambie umeacha kazi hiyo."

"Nikimwambia hapana, ataingia gari aende dukani mjini. Atatoka nayo kabla kahawa yangu haijapoa."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitamwambia ndiyo," Orrin alisema taratibu, akiwaza huku akisema. "Ila nitachelewa. Mimi ninajulikana kwa kuchelewa. Wewe katika muda huo mtafutie daktari."

"Unacheza na moto, unajua?"

"Najua, mwanangu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Orrin alimwambia Arvid kwamba hawezi kumuundia mtu bunduki bila mtu mwenyewe kuwepo, kwa hiyo aje kila Alhamisi, na kila Alhamisi watachagua kitu kimoja tu. Arvid aliguna, lakini alikuja.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa ya mbao. Orrin alipanga mezani vipande vitano vya mti wa jozi. Arvid alinyoosha kidole bila kutazama.

"Hicho kina ufa," Orrin alisema. "Hata kipofu angeuona. Tazama tena."

"Orrin, ni mbao."

"Na Fern alikuwa mwanamke tu? Tazama tena."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Arvid aliinua uso, macho yamejaa, na Orrin aliogopa kwamba ameharibu kila kitu. Lakini Arvid alivuta kiti. Walikaa wakazungumza juu ya Fern hadi saa sita, mara ya kwanza tangu azikwe, na mbao haikuchaguliwa kabisa.

Alichagua wiki mbili baadaye. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua kipande kimoja, na mistari ya mti ikajitokeza, myeusi juu ya kahawia, kama maji yanavyopita kwenye mchanga. "Hiki," alisema. Orrin aligeuka haraka akajifanya anatafuta penseli.

Joleen alikuwa akija kila Jumamosi kumpeleka baba yake kwa daktari huko Hamilton. Arvid alikwenda akinung'unika. Alikunywa dawa, alipokumbushwa. Siku nyingine alifika gerejini amevaa shati la jana, akakaa bila neno, na Orrin alimpa msasa na kitako, akamwacha asugue. Siku nyingine alikuwa na ubishi wa zamani.

"Inchi ishirini na sita?" alifoka mwezi wa kumi na mbili, akiwa ameshika kitabu cha vipuri. "Mtutu wa inchi ishirini na sita? Unataka nipande mlimani nimebeba mlingoti wa bendera?"

"Risasi inakwenda sawa zaidi."

"Na mgongo wangu nao uende wapi? Ishirini na mbili. Na usiniletee darubini kubwa kama chupa ya maziwa."

"Basi chagua wewe, kama unajua sana."

"Nachagua ndiyo! Bunduki ni ya nani?"

Orrin alisema anakwenda kuongeza kahawa. Jikoni alifungua bomba la maji ili asisikike, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, akalia.

Lakini vipuri vilikuwa vinafika. Mtutu ulifika, na Orrin alisema una kasoro, akaurudisha. Kifyatuo kilifika, akasema si chenyewe. Komeo, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, ambacho bila hicho bunduki si kitu ila bomba, lilifika tarehe tisa mwezi wa kumi na moja. Hilo alilificha kwenye droo ya chini, chini ya matambara, na kila Alhamisi alisema bado, kiwandani wamejaa oda.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kwenye dirisha, Arvid alitaka tambara la kufutia mafuta. Orrin alikuwa amempa mgongo kwenye mashine ya kukerezea. Aliposikia droo imefunguliwa, alizima mashine.

Arvid alikuwa ameshika boksi. Alisoma karatasi iliyobandikwa juu yake, akaisoma tena.

"Mwezi wa kumi na moja," alisema.

Orrin alifuta mikono kwenye suruali.

"Joleen alikuambia."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwanzo kabisa. Siku mbili tu baada ya wewe kuja ile mara ya kwanza."

Arvid aliweka boksi mezani kwa uangalifu, kama kitu cha kioo. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kwa hiyo Alhamisi zote hizi. Kahawa, mbao, ubishi juu ya mtutu. Nilidhani nimekaa na rafiki. Kumbe nimekaa na mlinzi."

"Arvid, ulikuwa umekaa na rafiki aliyeogopa."

"Ulikuwa unanitazama. Kila nikishika kitu, ulikuwa unanitazama." Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Na unajua kinachouma? Nilikuwa nimeanza kuitaka kweli. Nilikuwa ninawaza kulungu. Wiki iliyopita nimelala ninawaza ule mteremko wa kule Lost Horse, nikiwaza kwamba vuli ijayo tutakwenda. Wewe na mimi."

"Tutakwenda."

"Hapana," Arvid alisema, akatoka.

Orrin alimpigia Joleen simu, kisha akamfuata Arvid kwa gari. Alimkuta langoni mwa shamba lake, amesimama kwenye theluji bila glavu, hafungui lango wala harudi garini. Orrin alisimama upande wa pili wa barabara. Walisimama hivyo saa moja na robo, wazee wawili, hadi gari la Joleen lilipotokea kwenye kona. Alishuka akamkumbatia baba yake, na Arvid akaegemeza kichwa begani kwa bintiye akasema, kwa sauti ambayo Orrin aliisikia hadi ng'ambo, "Nipeleke unakotaka. Nimechoka."

Arvid alikaa hospitalini Missoula siku ishirini na tatu. Alipotoka alihamia kwa Joleen. Ng'ombe walichukuliwa na jirani, shamba likapangishwa. Orrin alipiga simu kila wiki, na kila wiki Joleen ndiye aliyepokea. Anakula, alisema. Analala. Anakwenda kwenye kikundi cha wafiwa kanisani kwa Walutheri, analalamika juu ya kahawa yao. Lakini kuzungumza na Orrin hataki.

Mwezi wa tano Orrin alivaa shati safi akaendesha hadi Missoula bila kualikwa. Joleen alimkuta ngazini, akavuta mlango nyuma yake.

"Amesema bado, Anko."

"Ananichukia?"

"Hapana. Anasema akikuona, anajiona yeye alivyokuwa. Hawezi." Alimshika mkono. "Angekuwa amekufa mwezi wa kumi. Sisi wote tunajua. Na yeye anajua. Nadhani ndilo linalomtia aibu."

Orrin aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Ndani, Arvid alikuwa akimgombeza mtu, pengine mbwa, kwamba supu hii haina chumvi kabisa, na nani amehamisha kijiko chake. Ilikuwa sauti ile ile ya ubishi, nzima, yenye nguvu.

Orrin alisikiliza hadi ilipokoma. Kisha alimuaga Joleen, akaingia kwenye pikapu, akakaa muda mrefu mikono juu ya usukani kabla ya kuweza kuwasha injini. Alipiga simu miaka miwili zaidi, kisha akaacha, maana alianza kuona kwamba kila simu inamlazimu Joleen kutunga uongo mdogo wa kumfariji. Hakuisikia tena sauti ya Arvid baada ya siku ile ya dirishani.