Mkebe wa Kimbo

Nilitoka kanisani nikakuta mkebe wangu wa Kimbo, yale mafuta ya kupikia, haupo katika jiko tunalotumia pamoja na Nthoki, jirani yangu. Haukuwa na mafuta. Ulijaa sindano kuukuu nilizojidungia dawa ya sukari, nami nilikuwa nimeufunga kwa plasta.

Nikakimbilia kwake, nikimwomba Mungu amlindie vidole. Wageni walikuwa wakingoja chapati, naye alikuwa akikata plasta ya mkebe kwa kisu.

“Mama Mbuthia, mafuta gani haya umeyafunga kama hirizi?”

“Weka chini! Ni sindano!”

Akaruka nyuma. Wageni wakacheka hadi machozi.

Kesho yake aling'ang'ania kuupeleka zahanati mwenyewe, sindano zikachomwe. Alitembea amenyoosha mikono, akipiga kelele njia nzima: “Pisheni! Nimebeba chapati za Mama Mbuthia!”