Nguzo ya Khofu

"Ukirudishwa kwenu leo, Maalim, unaogopa nini?"

"Simwogopi mtu. Namwogopa aliyeniumba."

Wakili Fancy Chepkosgei aliiweka kalamu mezani. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza swali hilo, na kila mara Maalim Nasibu Bukuru alimrudishia jibu lile lile, mgongo umenyooka, kama msomi aliye mbele ya mashekhe wake. Walikuwa wameketi nyuma ya duka la viatu la Wangeci, Mama Kim kwa jina la mtaani, hapo Sosiot, katika chumba alichopanga Maalim alipowasili kutoka Burundi. Kesho kutwa angehojiwa Nairobi, na mahojiano hayo ndiyo yangeamua kama atatambuliwa kuwa mkimbizi au atafungiwa mlango. Mkewe, Mwajuma, alibaki kwao amejificha kwa dada yake. Mume akikataliwa, mke naye hana pa kupitia.

"Nisikilize basi," Fancy alisema. "Kwa sheria, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye khofu iliyo na msingi ya kuteswa kwa ajili ya asili yake, au dini, au uraia, au kundi la jamii alilomo, au rai yake ya kisiasa. Tena nchi yake haiwezi kumlinda, au yeye, kwa khofu hiyo, hataki kuuomba ulinzi wake."

"Ni maelezo yaliyosukwa vyema," Maalim alikiri, kwani alikulia katika fiqhi, elimu ya sheria za dini, na alikijua kitu kilichojengwa. "Kila neno ni nguzo."

"Ndiyo. Na wewe umeniletea nyumba, nguzo moja umeiacha njiani."

Mengine yote alikwisha kuyasema bila kusita. Vijana wa mtaani kwake, mjini Bujumbura, waliuawa baada ya maandamano, na hakuna aliyethubutu kuzigusa maiti zao. Yeye aliziosha, akazikafini, akaziswalia, akazizika. Tangu siku hiyo watu wenye silaha wakamwita adui. Waliivunja nyumba yake, wakaja kumuulizia hata msikitini, naye akatoka mjini bila kofia kichwani.

"Na ulipokuwa ukitoka, moyoni ulisikiaje?"

"Nilitawakali, nikamwachia Mola."

"Maalim, afisa hatapima tawakali."

Mzee alitazama chini. Miaka mingi aliwafunza vijana kwa ubeti alioutunga mwenyewe: *Moyo umchao Mola, haujui kucha mja.* Baadhi ya hao vijana ndio aliowaosha kwa mikono yake. Akisema leo kwamba aliogopa, si atakuwa amewasaliti wakiwa kaburini?

Mvua ya mawe ilianza kuyapiga mabati. Ng'ambo ya barabara wachuma chai waliziacha safu wakakimbilia barazani, vikapu mgongoni. Wangeci akaingia na birika la chai ya maziwa.

"Haiya, bado mnabishana? Mzee, mimi wakati ule wa fujo za uchaguzi nilitoka kwetu Roret miguu mitupu, nikapanda lori la mbuzi nikidhani ni la watu. Sasa angalia, nauza viatu! Wakili, hata mimi si nilikuwa mkimbizi?"

"Kwa sheria hii hapana, Mama Kim. Hukuvuka mpaka wa nchi. Wewe ulikuwa mkimbizi wa ndani, na hilo lina sheria yake."

"Mpaka nilioruka mimi ulikuwa unawaka moto," Wangeci alisema akimimina chai, "lakini sawa, nyinyi ndio mlisoma. Mzee, hiyo dini yenu inakataza mtu kuogopa?"

Swali la dini Maalim hakuweza kuliacha bila jibu. "Haikatazi. Iko hata swala ya khofu. Anayemkimbia adui huswali huku anakwenda, akirukuu na kusujudu kwa ishara, uso wake popote njia inapompeleka. Ila khofu yenyewe iwe ya haki. Wanavyuoni wakauliza: je, akiona weusi kwa mbali akadhani ni adui, kumbe ni kichaka? Katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba airudie swala yake."

"Khofu yenye msingi," Fancy alisema polepole.

"Na wewe ulipokuwa unatoroka," Wangeci akauliza, "ulisali namna gani?"

Maalim alijiona tena katika shamba la mihogo karibu na mpaka, magharibi imeingia, gari linanguruma barabarani, naye midomo inasoma na miguu haisimami. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Niliswali hivyo," alisema. "Nikitembea."

"Ah! Kwa hivyo Mungu alijua. Ni afisa peke yake unamficha?"

Fancy alitaka kucheka, lakini alipouona uso wa mzee aliacha. Maalim alikuwa akilipima jambo lile kama apimavyo mas'ala mbele ya kadhi. Kama hakuogopa, basi swala ile ilibatilika, na deni lake liko shingoni mwake hadi leo. Kama ilisihi, basi aliogopa, na Mola mwenyewe aliikubali khofu yake kuwa udhuru. Njia ya tatu hakuiona.

"Ubeti wangu una kasoro," alisema hatimaye. "Khofu ya ibada ni ya Mungu peke yake. Lakini khofu ya kiwiliwili kinachowindwa ni maumbile, naye ndiye aliyeyaumba. Nimeichanganya hii na ile, nikawafunza watoto wa watu."

"Basi utasema?"

"Wakili, kunywa chai yako."

Kule Nairobi afisa aliyemhoji, Bwana Oyaro, alikuwa mtu wa sauti ya chini.

"Ulikuwa wa chama gani, Mzee?"

"Sina chama. Niliosha maiti. Chama nilipewa na walionifukuza."

"Kwa nini hukuhamia mkoa mwingine?"

"Wanaonitafuta wana vizuizi katika mikoa yote."

"Ukirudi leo?"

Maalim alisogeza kiti karibu na meza.

"Naogopa," alisema. "Naogopa kuchukuliwa kama walivyochukuliwa wale. Hata huko Sosiot, lori la majani ya chai likizima injini karibu na mlango wangu, najikuta nimesimama."

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha Fancy alipokuja Sosiot akipaza sauti tokea barabarani: "Umekubaliwa! Maalim, umekubaliwa!" Wangeci akapiga vigelegele hadi wateja wakatoka na viatu vya kujaribu miguuni.

"Alhamdulillahi," Maalim alisema, macho yamelowa. "Basi leo ndio nimekuwa mkimbizi."

"La, ulikuwa mkimbizi tangu ulipovuka na khofu yako. Uamuzi haukufanyi, unakutambua tu. Sasa tumwombee Mama Mwajuma kibali cha kuja."

"Naye atahojiwa kuhusu khofu?"

"Hawatambana hivyo. Yeye ataingia kwa sababu yako, akiwa mkeo."

Maalim akajifuta machozi kwa ncha ya kanzu, akaanza kucheka. "Hilo la kuingia kwa sababu yangu, binti yangu, tafadhali usimwambie wewe, Mwajuma hapendi kubebwa. Niachie mimi."