Kidole cha Anestis

Wateja wangu wote huanza na hadithi ileile. Mtu anasimama mlangoni, bunduki yake ya upepo imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa, na kabla sijamkaribisha anasema: "Mzee Zisis, mimi nimekuja kwako mapema. Sitaki yanikute ya Anestis, aliyejichongea triga mwenyewe akakatika kidole." Halafu anacheka. Mimi naipokea bunduki, naanza kulegeza skrubu. Zamani hadithi hiyo ilinichoma. Siku hizi inanichosha tu.

Leteni bunduki zenu, jamani, ila hadithi iacheni nyumbani.

Ni bunduki za bei poa, za kununua sokoni mjini Yanina. Kila nyumba huku milimani inayo moja nyuma ya mlango, kwa ajili ya ndege wanaomaliza cheri na zabibu. Zinatoka kiwandani na ugonjwa wao: springi inalia kama kitanda cha maharusi, pistoni imekauka, na triga ni nzito mpaka uivute kwa kuuma meno. Mimi nilifanya kazi ya chuma Ujerumani miaka kumi na minne. Niliporudi na mgongo mbovu, nikafungua karakana chini ya nyumba, pale mke wangu Poliksena alipokuwa akiweka mapipa ya jibini. Springi naisugua kwa msasa, pistoni naivisha ngozi mpya, napaka grisi kidogo tu, kitako nakichonga kilingane na bega la mwenyewe. Baada ya hapo bunduki ya sokoni inatulia mkononi, na inapiga pale unapoiambia.

Kazi ngumu ni triga. Ndani kuna jino dogo la chuma linaloizuia springi isifyatuke. Ukilipunguza kwa tupa, triga inakuwa laini. Ukizidisha, jino halishiki. Na bunduki hizi mtutu wake unakunjwa kwenda chini ili uweke risasi. Jino likiachia wakati kidole chako kiko pale, mtutu unajifunga kwa nguvu zote za springi. Kwa hiyo nilikuwa na sheria moja. Nikishagusa triga, nakunja mtutu mara hamsini, nao nimeushikilia, na kila mara nagonga kitako sakafuni. Nahesabu kwa sauti. Si arobaini na tisa, hamsini, ndipo bunduki inatoka kwangu.

Anestis alikuwa kumbaro wangu. Alinisimamia kanisani nilipooa, na akamsimamia binti yangu Vasiliki kwenye ubatizo. Kwetu kumbaro anapita ndugu, maana ndugu umeletewa tu, kumbaro umemchagua mwenyewe mbele ya Mungu. Alikuwa mpiga klarineti, na sisemi haya kwa upendeleo: akianza lile ombolezo linalofungua ngoma zetu, wanaume wazima waliacha kutafuna. Watu wa bonde zima walipanga tarehe za harusi kwa kumuuliza kwanza yeye, padri baadaye.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka themanini na saba, siku moja kabla ya sikukuu ya Bikira Maria. Siku ya sikukuu, misa ikiisha na ngoma haijaanza, wanaume hushindana shabaha nyuma ya kanisa. Kengele ya mbuzi inaning'inizwa kwa uzi, na anayeukata uzi anaondoka na kondoo dume. Miaka mitatu mfululizo kondoo alikwenda kwa Kitsos wa duka la kahawa, na miaka yote mitatu Kitsos alimtania Anestis mpaka Krismasi.

Basi Anestis akaniletea bunduki yake.

"Kumbaro, nataka triga laini. Nikiiwazia tu, ipige."

"Ikiwa laini hivyo itakuuma."

"Mke wangu ananiuma mwaka wa ishirini huu, na nipo."

Nikalibana jino kwenye jiliwa. Nilivuta tupa mara tatu, nikajaribu, ilitosha. Kisha nikavuta mara ya nne. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ananitazama na nilitaka afurahi. Sababu nyingine sina, na nimeitafuta sana.

Nikaunganisha bunduki, nikaanza kukunja mtutu na kuhesabu. Nilipofika saba, Anestis akaweka glasi yake chini.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu. Ni mara hamsini."

"Unanihesabia mimi? Mgeni ndiye wa kuhesabiwa, Zisis. Nilipombeba mwanao kwenda kwenye maji, nilihesabu nini mimi?"

Nusu alikuwa anatania, nusu hakuwa anatania. Kwetu humpimii kumbaro kitu. Divai unammiminia mpaka imwagike mezani, na neno lake huliombi shahidi. Mgongo ulikuwa unaniwaka, na Poliksena alishatuita mara mbili pai isije ikapoa. Nikafika kumi na moja, nikaacha. Zote kumi na moja zilishika.

Siku ya pili, kwenye shindano, Anestis alikuwa wa nne kupiga. Alikaa juu ya ukuta wa mawe, bunduki mapajani, mtutu umekunjwa, anasukuma risasi kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mtutu hakuushikilia. Kitsos akamwambia, "Kondoo wangu anakusalimia," na Anestis akageuka kucheka. Kitako kikagonga jiwe. Sikusikia mlio wa bunduki, nilisikia kama kifuniko cha sanduku kinachoanguka. Anestis akautazama mkono wake kwa mshangao, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake.

Kipande kilitoka kuanzia kiungo cha kwanza. Kwenye klarineti, kidole kile kina tundu lake, na hakuna kingine cha kulifikia.

Nesi wa kijiji akamfunga mkono kwa taulo. Kitsos aliiokota bunduki, akakunja mtutu, akaitikisa kidogo tu, ikafyatuka tena. Akapaza sauti.

"Nani kaichezea triga hii?"

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka hapo.

Ikapita muda, si mrefu. Kisha Anestis akasema, "Mimi mwenyewe. Jana, kwa tupa ya kwato za punda."

Wakacheka. Mungu awasamehe, damu inachuruzika na wao wanacheka. "Loo, Anestis! Kumbaro wako fundi yuko nyumba ya tatu, wewe unachukua tupa ya punda?" Nami nikakaa kimya. Karakana ile ndiyo iliyotulisha, mgongo wangu haukuwa na kazi nyingine ya kuweza, na nani angemletea bunduki fundi aliyemkata kidole kumbaro wake? Nilijiambia nitasema kesho, watu wakitulia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miaka kumi na tisa. Klarineti aliifunga kwenye kasha lake na hakuifungua tena. Harusi zikaanza kukodi mpiga klarineti kutoka mji wa Konitsa, na Anestis akakaa nyuma yake kupiga tari, kwa kuwa tari haidai vidole vyote. Watu wakamfanya mfano: akina mama waliwakanya waume zao kwa jina lake. Na kila aliyekanywa alikuja kwangu. Walivuka mlima kunifuata. Kila nilipokula, nilikula kwa kidole cha Anestis, na yeye Jumapili alikuja kula nami, akamsifia Poliksena mapishi, na jambo lile hakuligusa.

Nikalisema kwenye harusi ya Vasiliki. Sikuwa nimepanga. Nilimwona yule mgeni wa Konitsa akianza ombolezo, na nyuma yake Anestis na tari yake akingoja zamu, kwenye harusi ya mtoto aliyemsimamia ubatizo mwenyewe. Nikashindwa. Nikasimama, nikagonga glasi.

"Triga ya Anestis niliichonga mimi," nikasema. "Si yeye. Mimi, na sikumaliza kuipima."

Kitsos akainuka, mzee sasa, machozi yanamtoka.

"Mnamwona mtu huyu? Siku ya furaha ya mwanawe anataka kuibeba aibu ya mwenzake! Kumbaro wa namna hii hazaliwi tena!"

Wakanipigia makofi. Nikapiga kelele, "Nasema kweli, jamani!" Wakazidisha makofi, wakaja kunikumbatia mmoja mmoja. Nikamtafuta Anestis kwa macho. Alikuwa anatabasamu na wenzake, anagonga tari polepole.

Nikamfuata nje alipotoka kupunga hewa. Ilikuwa mwezi wa kumi, baridi imeshashuka kutoka mlimani.

"Mbona hukuwaambia ni kweli?"

"Mpumbavu wao wa miaka kumi na tisa? Wangenisikiliza?"

"Nisamehe, kumbaro."

"Kidole nilikusamehe siku ileile. Mimi ndiye niliyekukatiza kuhesabu." Akatazama chini bondeni. "Ila Kitsos alipouliza, sikujibu mara moja, Zisis. Nilikungoja kwanza. Nikakutazama. Ulikuwa unaangalia viatu vyako."

Nikaviangalia tena.

Alikuwa akihangaika na kifungo cha juu cha koti, kidole kile kifupi kinateleza kila kikijaribu. Akauteremsha mkono.

"Nifungie hiki," akasema.

Nikamfungia. Tangu triga ile, hakuwa ameniomba kitu chochote.